Kinu Kitupu cha Bi Mwanasha

Haya nilisimuliwa na shoga yangu Mwanakheri, siku ya hitima ya wifi yake.

Kila nyumba ina redio ukutani ya kunasa sauti za nyumba nyingine, na programu ya mtaa ndiyo inayopanga nani amsikilize nani. Kuizima ni kosa. Sasa ya Bi Mwanasha ikaharibika, ikawa inamletea chumba cha mwanawe na mkewe. Mtu mzima anakunywa uji huku anasikia mambo ya mkaza mwana! Uji ukamshinda, akautema uani.

Akaja fundi Shungu, akabonyezabonyeza.

"Redio mbili ziligombea nyumba moja, mama, yako ikaona bora ijisikilize yenyewe. Nimezipatanisha."

"Kwa hiyo chumba cha wanangu hakisikilizwi tena?"

"Kila chumba lazima kiwe na msikilizaji wake. Nimempa Mzee Kombo wa ng'ambo ya njia."

"Yule anayecheka peke yake?"

"Sasa amepata wa kucheka nao."

Bi Mwanasha alihisi kinyaa kama aliyekanyaga mavi ya mbwa pekupeku.

Adhuhuri, vijana walipoingia kujipumzisha, aliburuta kinu kitupu hadi mlangoni pao, akatwanga.

"Mama, unatwanga nini?" aliuliza mkaza mwana.

"Masikio ya watu. Laleni."

Alitwanga mpaka akasikia wanakoroma, na ng'ambo Mzee Kombo akabamiza dirisha lake. Ukutani redio ilikuwa ikimletea mwanamke asiyemjua, analia polepole. Bi Mwanasha akaukumbatia mchi, akasinzia papo hapo mlangoni.