Bia ya Mahari

Hakuna aliyemwalika mzee yule, wala Kananu hakuwahi kumwona. Aliingia uani kwao Kibirichia kreti za bia ya mahari, zilizoletwa na wakwe kutoka Embu, zikifunguliwa, akasema, "Mimi ni ndugu wa nyanya yenu, natoka Timau." Kisha akainua chupa, akaisogeza machoni.

"Hii ilipitisha tarehe mwezi wa tatu." Akaitikisa. Vipande vyeupe vikaelea. "Watu wa Embu wameona msichana amekaa sana nyumbani, wakamletea bia iliyokaa pia!"

Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Mchumba wa Kananu, aliyeuziwa kreti hizo bila kutazama tarehe, aliinamisha kichwa. Baba yake Kananu hakucheka.

Kwa desturi, bia hainywewi kabla binti hajakubali ndoa kwa kuionja kwanza. Baba akamimina bilauri moja.

"Kananu, tuinywe? Lakini ukionja hii aibu, mimi si baba yako tena. Utaenda na wao."

Asubuhi Kananu alikuwa amemwahidi mchumba wake kwamba hatamwacha arudi Embu na kreti zikiwa zimejaa.

Bia haikutoa povu. Ilinuka katoni iliyolowa. Kananu alipiga magoti, akaishika bilauri kwa mikono miwili na kuinywa yote, huku baba akigeuza kiti na kumpa mgongo.