Mama wa Bondia

Kibarazani kwa kinyozi, Dodoma, wanaume walibishana tangu asubuhi. Mmoja alisema Chilewa ana mkono wa kulia wa kuangusha ng'ombe, na mkanda wa uzito wa juu ni wake. Mwingine akaapa kuwa Ngatunga atamchosha, maana hupiga mbavu mpaka mtu apige magoti.

"Mzee Chibago, mwanao atapigana?" wakamuuliza baba yake Chilewa.

"Mama yake hajaweka saini," alijibu, akajiondokea.

Ndiyo ilikuwa sheria siku hizo: bila saini ya mama, bondia hapandi ulingoni. Bondia alipopigwa, maumivu hayakumfika yeye; yalimwendea mama aliyemzaa, popote alipo. Chilewa hakuwahi kurudi nyuma ulingoni.

Nyumbani, Mama Chilewa alikuwa amelala, dirisha limezibwa kwa kanga. Tangu pambano lililopita, mwanga ulimpasua kichwa.

"Huko kwa kinyozi wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema Ngatunga hupiga mbavu."

Akashusha pumzi kama aliyeletewa habari njema. "Afadhali. Kichwa kimechoka, baba Chilewa, lakini mbavu bado ninazo."

"Mkatalie, mke wangu. Nakuomba."

"Alipiga simu asubuhi, anacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nimkatalie kwa mdomo gani?"

Akanyoosha mkono kuomba kalamu na fomu ya kuridhia pambano. Mzee Chibago aliishikilia kalamu kwa muda mrefu, kisha akamwekea kiganjani, akageukia ukuta ili asione.