Punje Zilizogoma

"Vua bangili, mama," alisema mwanamume mwenye hedifoni kichwani. "Na hereni, zinagongana."

Madamu alizivua shingo upande. Alikuwa amezivaa makusudi, ili zionekane.

Tangazo lililobandikwa kwenye geti la jengo hilo lilikuwa fupi: Wanatakiwa watu wanaojua kutafuna, kazi ya kudumu. Mwingine angepita bila kuelewa. Yeye alielewa papo hapo. Kiwanda cha vitafunio kilitaka sura za kuweka kwenye televisheni.

Na kazi aliitaka sana. Tangu hoteli aliyokuwa akipokelea wageni ifungwe, alilala kwenye kochi la sebuleni kwa kaka yake, na kila asubuhi ilimbidi akunje shuka kabla watoto hawajaamka. Hakuota mengi. Alitaka apange chumba kimoja tu, chenye mlango, na ufunguo awe nao yeye.

Tena awe mbali na Mama Pacha, mke wa kaka yake, ambaye sasa hivi alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni. Yeye alikuja kumsindikiza tu.

Mama Pacha hakuwa na ubaya wowote ila mmoja: kutafuna. Bisi zikipikwa nyumbani, zile nyeupe, laini, aliwaachia watoto. Yeye alisubiri bakuli likaribie kuisha, ndipo azichote punje zilizogoma kupasuka na kuzitupia mdomoni. Kruu! Kruu! Macho ameyafumba, mabega ameyashusha, kama mtu anayekandwa mgongo. Taarifa ya habari ilikuwa haisikiki tena.

"Wifi, hayo ni meno au mashine ya kusaga?" Madamu aliwahi kumuuliza.

"Wifi nawe! Kitu usipokisikia, umekila saa ngapi?"

Madamu alisonya. Kwake yeye, kitafunio cha mtu mwenye heshima zake kinayeyuka chenyewe. Keki laini. Biskuti iliyochovywa kwenye chai ikakaribia kukatika. Anayefurahia kuvunjavunja vitu mdomoni, kwa maoni yake, alipaswa kulia chakula chake nje.

Chumba walimoitwa hakikuwa na dirisha. Kuta zote zilifunikwa sponji kama ya magodoro, na feni ilikuwa imezimwa. Madamu alitafuta kamera, hakuiona. Siku hizi wanazificha, aliwaza, na akaugeuzia ukuta shavu lake zuri.

Mezani kulikuwa na biskuti, karanga, karoti mbichi, mkate uliokauka na bakuli la bisi.

"Chagua unachokipenda," alisema mwanamume.

Madamu alishika biskuti kwa vidole viwili. Alimega pembe, akafumba midomo, akaiacha ilainike yenyewe, akameza. Kisha akautabasamulia ukuta.

Mwanamume alikuwa amefumba macho. "Haya, anza."

"Nimeshamaliza."

Aliyafumbua, akamsogezea karibu na kidevu kijiti chenye kofia ya sponji. "Hebu rudia."

Alirudia, kwa utaratibu zaidi.

"Mama, umekula kweli?"

"Nimelelewa, kaka," alijibu Madamu, akiona amesifiwa.

Kruu!

Mwanamume aligeuka kwa kasi mpaka hedifoni zikamteleza. Mama Pacha alikuwa na lile bakuli mapajani, mkono mmoja umezama ndani hadi kwenye kifundo.

"Msamehe," aliwahi Madamu. "Ni wifi yangu. Ndivyo alivyo. Tukipata wageni tunamficha jikoni."

"Mama, hebu sogea hapa."

"Mimi? Mimi nimesindikiza tu."

"Sogea hivyohivyo. Na bakuli lako."

Akampa karoti. Mama Pacha aliitia mdomoni kwa aibu kwanza, halafu, kama kawaida yake, akasahau kwamba kuna watu.

"Usifumbe mdomo," alisema mwanamume. "Ing'ate kwa hasira. Sasa vuta... vuta... hapo! Weka na mkate."

Madamu alibetua midomo. Alimwangalia mwenzake juu mpaka chini: makombo kifuani, maji ya karoti kidevuni, pumzi juu juu. Hivi kaka yangu alipotoa posa, aliwaza, huyu walikuwa wamemfunga mdomo? Alijua mwanamume anamfanyia wifi yake mzaha. Alijua pia kwamba yeye hangemkataza, maana mzaha wenyewe ulikuwa unamnogea.

Mwanamume akampa karoti tatu kwa pamoja. Mama Pacha akazing'ata zote. Zikakatika kwa mlio mmoja ambao Madamu aliusikia mpaka kwenye magoti.

"Uuuwi! Mama yangu mie!" alipiga ukelele, akajiziba uso.

Mwanamume alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Kazi umepata. Kesho asubuhi, na uje na njaa."

"Huyu?" Madamu alicheka kwa sauti. "Kaka, watu wakimwona huyu na mdomo wake, nani atanunua biskuti zenu?"

"Biskuti gani?" Mwanamume alivua hedifoni. "Hapa tunarekodi mchezo wa redio, mama. Fisi wetu ameng'olewa meno."

Madamu alikusanya bangili zake moja moja, akaliwazia kochi, akaelekea mlangoni.

"Wewe, usiondoke kwanza. Ule ukelele wako, unaweza kuurudia?"

Aligeuka haraka, akiwa ameshauona ufunguo wake mkononi. "Hata mara mia!"

"Vizuri. Basi mje wote wawili. Yeye atakula, wewe utaliwa."