Mstari Mwekundu

Katibu mpya wa parokia alikuwa amechora mstari mwekundu katikati ya daftari la nia za misa: wazima kushoto, marehemu kulia.

“Bwana yako nimuandike wapi, Mama Laurentine?”

Mwaka wa sita huu tangu bwana huyo aende machimboni Kolwezi. Hakuna simu, hakuna kaburi.

“Kama unajua, uniambie mimi kwanza.”

“Mama, lazima tuchague.”

“Hata padri hawezi kuchagua, sembuse mimi! Leta ile bic.”

Mama Laurentine akaipokea kalamu, akaliandika jina la bwana wake kubwakubwa, likiuvuka mstari.

“Kama iko muzima, Mungu amukumbushe nyumba. Kama alikufa, amukumbushe mimi.”

Kisha akalipulizia lile jina, taratibu, kama anayepoza chai ya mtu aliyechelewa.