Punda wa Uhuru

Saa tatu na robo asubuhi, mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, mwalimu wa historia aliamua kumuua punda.

Punda mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili, sawa na ualimu wake. Alizaliwa siku moja ya joto kali, darasa zima likisinzia katikati ya somo la kupigania uhuru. Mwalimu alipoona vichwa vinaangukia madaftari, akaropoka kwamba barua ya wapigania uhuru ilivushwa kizuizi cha askari na punda, tena punda aliyepigwa risasi ya sikio asipunguze hata hatua moja. Darasa likaamka. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyelala kwenye somo lake, na watoto wale wamekua, wengine sasa wanakalia viti vya kuzunguka wizarani.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi ile mwalimu mkuu alimnong'oneza mlangoni, "Kuna mgeni wa wizara anakuja darasani kwako. Mwenzangu, chunga ulimi."

Alijua maana yake. Mwezi uliopita mwalimu wa jiografia aliongeza mto mmoja kwenye ramani ili ipendeze, na sasa yuko stoo anagawa chaki. Mwalimu wa historia hakuwa na kipaji kingine duniani zaidi ya kusimulia. Stoo ingemmaliza.

Mgeni aliingia, akajikunja kwenye dawati la nyuma, akautua mkoba wake sakafuni kwa kishindo cha chuma. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye viwiko. Chaki hiyo, mwalimu aliwaza. Huyu ameshika ubao miaka mingi, hadanganyiki. Nje, getini, dereva wa lori lililofunikwa turubai alikuwa akipiga honi bila adabu.

Basi akafundisha ukweli mtupu. Tarehe, mkutano, azimio la kwanza, azimio la pili. Vichwa vikaanza kuinama. Kule nyuma mgeni alichora mistari mirefu daftarini, na mwalimu akaihesabu yote kuwa makosa yake.

Walipofika kwenye barua, akasema ilipelekwa na tarishi kwa baiskeli.

Kiranja, binti asiyejua kumeza neno, akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Kaka yangu alisema kuna punda."

"Hakuna punda."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo. Kaa chini."

Mtoto mmoja wa mbele akaanza kufuta machozi, na mwalimu naye alijisikia kama aliyetoka kuzika ndugu. Mgeni akaacha kuchora.

Kengele ilipolia, darasa lilitoka kimya. Mwalimu akasema moyoni liwalo na liwe, akaenda nyuma mwenyewe.

"Mheshimiwa, nakiri. Huyo punda nimemtunga mimi, watoto wasilale. Ukiamua kunipeleka stoo, sina kinyongo."

Mgeni alijifuta jasho, akajiachia alama nyeupe usoni.

"Mwalimu, mimi si mkaguzi. Mimi ni mchongaji. Wakubwa wawili kule wizarani, wote uliwafundisha, wamebishana wiki nzima, huyu kulia, huyu kushoto. Mwishowe wakaniambia nije kwako. Nikaona nisikukatishe, utafika tu kwenye sikio. Uzinduzi wa sanamu ni saa sita. Wageni wameshaanza kuketi uwanjani."

Nje honi ililia tena. Upepo ulikuwa umelifunua turubai, na juu ya lori yalichomoza masikio mawili ya jiwe jeupe, yote mazima.

Mwalimu aliyatazama.

"La kushoto," akasema.