Choo cha Futi Sita

Kimanzi aliingia shimoni, akalipima kwa mpini wa jembe, akacheka. Futi sita tu.

"Mama Ian, hii itajaa kabla ya Pasaka. Na huu upana wote? Ni choo ama bedsita?"

Mutheu hakucheka. Alikuwa amembeba Ian mgongoni, na mkononi karatasi aliyoichapisha saiba, kibanda cha intaneti. Tangu fujo za kura zianze, kila zilipotulia kidogo na saiba ikafungua mlango nusu, alikuwa humo akisoma habari za mawe ya Nairobi. Alimweleza jirani yake alichokipata: kwingine mwamba uko karibu na juu, jembe linagonga jiwe. Hapa kwao Kawangware lava ya kale ilioza ikawa udongo mwekundu, wenye kusimama wima kama ukuta na kupitisha hewa.

Kimanzi alisema hayo masomo ya saiba yamemharibu kichwa. Lakini choo cha ploti, cha wapangaji wote, kilikuwa kimefurika hadi mlangoni, Ian anahara, na kwenda kuomba choo ploti nyingine ni kukutana na vijana wenye mapanga wanaouliza watu majina ili wajue kabila. Kwa hivyo Kimanzi alimalizia kuchimba upana aliotaka Mutheu. Filister wa nyumba ya tatu angewasaidia kutoa udongo, ila alishahamia kwa dadake Soweto West; ploti nzima ilimwona akitoka na godoro na kitoto chake, Marion.

Mbao ziliwekwa juu, tundu likaachwa, gunia likawa mlango. Kisha Mutheu akachota uchafu wa choo cha zamani kwa ndoo, akaumwaga juu ya mbao za choo kipya. Funza walimpanda mikononi. Alitapika, akajifuta mdomo kwa bega, akarudi kuchota. Aliwaambia watu kwamba choo kipya huanzishwa na cha zamani, kama maziwa mala yanavyogandishwa kwa mala ya jana, na kisiguswe wiki nzima.

Kimanzi alitema mate, akaapa hatakunywa mala tena maishani.

Walikuja Alhamisi mchana, vijana saba. Walivunja mlango wa Filister, wakakuta kalenda ukutani na jiko baridi.

"Huyu mama ako wapi?"

"Alihama," Mutheu akasema. Kimanzi, bila kuulizwa, akadakia kwamba ni kweli, alimwona na macho yake mwenyewe.

Mkubwa wao hakuridhika. Alizunguka ploti akipekua, akafika kwenye gunia, akalifunua kwa ncha ya panga. Nzi walimrukia usoni. Alirudi nyuma akiziba pua kwa kola ya shati, machozi yakimlenga kwa ile harufu.

"Nyinyi mnaishi kama nguruwe," akasema, akawaita wenzake waondoke.

Mutheu alingoja hadi sauti zao zikapotelea barabarani. Kisha akapiga magoti juu ya uchafu, akang'oa ubao mmoja, uleule aliouinua usiku Filister aliporudi kwa siri.

"Wameenda, Filister," akanong'ona. "Nipe Marion kwanza."