Kofia ya Sufu

Nilipoitoa kofia ya kaka yangu Anselm kwenye maji ya moto, ilikuwa imebaki ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Ilikuwa kofia bapa ya sufu, rangi ya majivu, yenye kifungo kidogo utosini. Alipewa na dereva wa treni, Mzungu wa Ailandi, ambaye Anselm alimchochelea moto wa injini. Dereva alisema kwao wakulima na wapakizi wote huvaa hivyo, naye aliirithi kwa baba yake.

“Ukinikuta nayo, shikamoo moja haitoshi,” Anselm alinitania siku aliyokuja nayo nyumbani Tabora.

Jana homa ilimuua safarini, huko Tura, kofia akiwa ameiacha nyumbani. Mama alisema jambo moja tu: “Mwanangu azikwe na kofia yake.”

Mimi nikaona ina masizi. Nikaichemsha kwa sabuni, kama tunavyochemsha mashuka. Nguo zetu ni za pamba, sufu sikuijua.

Niliitia gotini ili itanuke, nikaivuta kwa nguvu zote. Uzi mmoja ukakatika kando ya kifungo, nikaacha.

“Imekauka?” Mama aliuliza kutoka ndani.

“Bado, mama.”

“Ilete hivyo hivyo. Wanasema treni inayomleta imeshapita Igalula, na mimi nataka kuishika kabla hajafika.”

Nilisimama uani, maji yakinichuruzika mkononi. Mama akatokea mlangoni, amenyoosha mikono yote miwili kuipokea.